VIMENG'ENYA: WATENDA KAZI WADOGO TUSIOWAONA

Somo la afya kwa vikundi vya kujisaidia. Lisomwe kwa sauti kikundini, sehemu moja moja, kisha mjibu pamoja maswali yaliyo mwisho.



Mama akinunua nyama soko la Kongowea na kuikuta ngumu, ajua la kufanya. Hutafuta papai bichi, akaliponda, akaipaka nyama na kuiacha kidogo kabla ya kuitia sufuriani. Nyama hulainika. Na yule anayepika mahamri ajua kwamba hamira yataka maji ya uvuguvugu. Akitia maji ya moto sana, unga hauumuki hata akingoja hadi jioni. Watu hawa wawili wanatumia kitu cha namna moja, pengine bila kukijua jina. Kitu hicho huitwa kimeng'enya. Vikiwa vingi ni vimeng'enya.

Vimeng'enya haviko kwenye papai na hamira peke yake. Viko mwilini mwa kila mmoja wetu, maelfu kwa aina. Mtu asiseme, "Haya ni mambo ya watoto wa sekondari." Kuna siku ambayo kulijua jambo hili kwaweza kuokoa damu ya mtoto wako. Na kuna siku ambayo kutolijua kwaweza kumfanya mhalifu aondoke mahakamani akicheka. Basi tuanze jikoni na tumboni, twende hospitalini, kisha tumalizie kituo cha polisi.

1. KIMENG'ENYA NI NINI?

Kimeng'enya ni protini ndogo sana inayofanya kazi ya kuvunja kitu, kukiunganisha au kukigeuza. Kazi ambayo ingechukua siku nyingi, kimeng'enya huimaliza kwa muda mfupi. Shikeni mambo manne:

(a) Kila kimeng'enya kina kazi yake moja. Mwaka 1894 mtaalamu wa Ujerumani, Emil Fischer, alikifananisha na kufuli na ufunguo: ufunguo wa mlango wako hauwezi kufungua mlango wa jirani. Kinachovunja wanga hakigusi nyama.

(b) Hakiishi kwa kufanya kazi. Kikimaliza kipande kimoja hushika kingine, kama mtu anayemenya muhogo kwa kisu kile kile.

(c) Chataka joto la kadiri. Vya mwilini mwetu hupenda joto la mwili, yaani kama nyuzi 37. Moto mkali huviharibu, na vikiharibika havirudi tena. Ndiyo sababu hamira hufa kwa maji ya moto.

(d) Chaweza kuzuiwa. Ukivunjia kijiti ndani ya kufuli, ufunguo hauingii tena. Dawa nyingi za hospitali hufanya kazi hivyo hivyo, kama tutakavyoona.

Jaribio la kikundi. Chukueni nyama mbichi, mkate vipande viwili vilivyo sawa. Kimoja kipakeni papai bichi lililopondwa. Kingine kipakeni papai bichi lililochemshwa nusu saa, kisha likapoa. Funikeni, mngoje saa moja, halafu bonyezeni kwa kidole. Lile lililochemshwa halikufanya kazi kubwa, kwa kuwa moto umekiua kimeng'enya chake. Kisha pikeni nyama yenu mle, na mnawe mikono kwa sabuni.

Kimeng'enya hicho cha papai huitwa papaini, nacho ni mali. Tanganyika iliuza papaini ng'ambo zamani za ukoloni, na huko Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, wakulima wa upande wa Beni hugema utomvu wa mapapai mabichi na kuukausha ukauzwe nje. Lakini jihadharini: msipake utomvu huo kwenye kidonda nyumbani. Mwaka 2008 Serikali ya Marekani iliamuru dawa za kupaka zenye papaini ambazo hazikuidhinishwa ziondolewe madukani, kwa sababu baadhi ya watu walipatwa na mzio mkali. Kinacholainisha nyama ya ng'ombe chaweza kuchoma nyama ya mtu pia.

2. KAZI YA TUMBONI

Chukua kipande cha muhogo wa kuchemsha, ukitafune polepole bila kumeza kwa muda wa dakika mbili. Utasikia utamu kidogo. Utamu huo umetoka wapi, na muhogo haukutiwa sukari? Mate yako yana kimeng'enya kinachovunja wanga na kuugeuza kuwa sukari. Kwa hivyo chakula huanza kusagwa mdomoni. Bibi zetu waliposema "tafuna vizuri, usimeze kama bata," walikuwa na sababu.

Tumboni kuna kimeng'enya kingine kinachovunja protini za nyama, samaki na maharagwe, nacho hufanya kazi kwenye asidi. Kisha kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo, humwaga vimeng'enya vya wanga, vya protini na vya mafuta kwenye utumbo mwembamba. Hapo chakula huvunjwa hadi kiwe kidogo cha kuingia damuni.

Maziwa yanayosumbua. Wako watu wazima ambao wakinywa glasi ya maziwa mabichi au chai ya maziwa mengi, tumbo hujaa gesi, likanguruma, wakaharisha. Wengine husema wamelogwa, wengine humlaumu muuza maziwa. Mara nyingi sababu ni kimeng'enya kiitwacho laktesi, kinachovunja sukari ya maziwa. Kila mtoto mchanga huzaliwa nacho, lakini kwa watu wengi duniani hupungua kadiri wanavyokua. Kwa jamii ambazo zimefuga ng'ombe na ngamia kwa vizazi vingi, wengi hubaki nacho hadi uzeeni. Mwaka 2007 watafiti waliopima watu wa Kenya, Tanzania na Sudan walitangaza kwamba wafugaji wa kwetu wana badiliko lao la urithi linalokihifadhi kimeng'enya hiki, tofauti na lile la Wazungu. Basi ikiwa jirani yako kutoka jamii ya wafugaji anakunywa kibuyu kizima naye yuko sawa, na wewe glasi moja yakulaza, hakuna uchawi. Jaribu kiasi kidogo pamoja na chakula, au utumie maziwa lala, kwa sababu vijidudu vilivyoyagandisha vimekwisha kula sehemu ya sukari hiyo.

Lakini mama sikiliza vizuri: jambo hili halihusu maziwa yako ya titi. Mtoto mchanga akiharisha, usimwachishe kunyonya. Endelea kumnyonyesha, mpe maji ya ORS na zinki kama utakavyoagizwa, na umpeleke zahanati.

Vidonge vya vimeng'enya. Siku hizi huuzwa vidonge na unga wa vimeng'enya, eti huponya kisukari, saratani na kila kitu. Wako wagonjwa ambao daktari huwapa vidonge vya namna hiyo, hasa wale ambao kongosho lao limeharibika. Lakini mtu mwenye afya havihitaji. Kumbuka kwamba kimeng'enya ni protini, na tumbo huvunja protini kama livunjavyo samaki. Pesa hiyo nunua mboga na matunda. Na mgonjwa wa kisukari asiache dawa yake kwa ajili ya maneno ya muuzaji.

3. VIMENG'ENYA NA DAWA

Dawa za kupunguza makali ya Ukimwi. Wengi twazijua kwa jina la ARV, lakini ni wachache wanaojua zinavyofanya kazi. Kirusi cha Ukimwi hakiwezi kuzaana peke yake. Huingia ndani ya seli ya damu na kutumia vimeng'enya vyake. Kimoja hunakili maandishi ya kirusi yafanane na ya mwili wako. Cha pili huichukua nakala hiyo na kuichomeka katikati ya maandishi ya seli yako, ili seli ianze kukitumikia kirusi. Kile kidonge cha TLD kinachotolewa kliniki kina dawa tatu ndani yake. Mbili, tenofovir na lamivudine, humzuia mnakili. Ya tatu, dolutegravir, humzuia mchomekaji. Ni vile vijiti vilivyovunjiwa ndani ya kufuli.

Sasa mwaona kwa nini mgonjwa haambiwi "meza ukijisikia vibaya." Kijiti kikitoka kwenye kufuli, ufunguo huingia. Ukiruka siku, vimeng'enya vya kirusi huanza kazi tena, na kirusi chaweza kujifunza kuikwepa dawa. Na mwaona pia kwa nini mtu aliyeingiliwa na kirusi jana ana nafasi, bali aliyekawia wiki hana. Hilo tutalirudia.

Damu inayovunjika. Liko jambo jingine ambalo watu wa Pwani yatupasa kulijua zaidi kuliko wengine. Ndani ya seli nyekundu za damu kuna kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho huilinda seli isiharibiwe na dawa fulani. Wako watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya hiki. Huu ni urithi. Mama humpa mtoto, na huonekana zaidi kwa watoto wa kiume. Umeenea sana mahali ambapo malaria imekaa kwa vizazi vingi, na Pwani ya Kenya ni mahali pamojawapo. Mtu huyo huishi vizuri tu bila kujua. Siku atakapopewa dawa isiyomfaa, seli zake za damu huanza kupasuka.

Hili si jambo la kufikirika. Iliwahi kuwako dawa ya malaria iliyochanganya klorproguanili na dapsoni, ambayo utafiti wake ulifanywa pia Kilifi. Mwaka 2008 iliondolewa sokoni baada ya kuonekana kwamba ilivunja damu ya wagonjwa wenye upungufu wa G6PD. Dapsoni ingali yatumika kwa ukoma na maradhi mengine, na primakwini kwa aina fulani za malaria. Daktari anazijua hatari zake. Anayekuuzia dawa kibandani pengine hazijui. Vile vile, vidonge vyeupe vyenye harufu kali vinavyowekwa kabatini kufukuza mende na nondo vyaweza kuvunja damu ya mtoto mchanga mwenye upungufu huu. Msiviweke kamwe kwenye nguo na mablanketi ya watoto.

Dalili za kuangalia baada ya kumeza dawa: mkojo kuwa wa rangi ya kahawia kama chai ya rangi, macho kuwa manjano, uchovu mwingi, kuhema na moyo kwenda mbio. Mkiona hivyo, acheni dawa ile na mwende hospitali siku hiyo hiyo, mkiwa na pakiti ya dawa mkononi. Na kama katika ukoo wenu kuna mtu aliyewahi kupatwa na haya, mwambieni daktari kabla hajaandika dawa. Upungufu wa G6PD hupimwa kwa damu kidogo tu.

4. VIMENG'ENYA NA USHAHIDI

Twafika sehemu iliyo nzito. Mtu anapobakwa, au mtoto anaponajisiwa, jambo la kwanza ambalo mama wengi hufanya ni kumwosha. Twaelewa kwa nini. Ni huruma, na ni kutaka ule uchafu umtoke. Lakini maji yale yameosha na ushahidi. Tazameni maabara yanavyofanya kazi, mtaelewa.

Shahawa zina kimeng'enya kimoja kwa wingi mno. Mtaalamu akipaka dawa maalumu kwenye doa la nguo au pamba iliyopanguzia mwili, na kimeng'enya hicho kipo, rangi hubadilika kuwa zambarau. Mate nayo hutambulikana kwa kile kimeng'enya chake cha kuvunja wanga. Hiyo ni hatua ya kwanza tu ya kuonyesha mahali pa kutafuta. Kimeng'enya hicho hupungua mwilini kila saa ipitayo, na baada ya siku tatu hivi mara nyingi hakionekani tena.

Hatua ya pili ni DNA, yaani maandishi ya urithi ambayo kila mtu anayo yake, isipokuwa mapacha wa kufanana. Doa dogo huwa na DNA kidogo sana, kwa hivyo huzidishwa. Na anayeizidisha ni kimeng'enya! Mwaka 1966, katika chemchemi za maji moto za Yellowstone huko Marekani, Thomas Brock alikuta vijidudu vinavyoishi kwenye joto la kumchoma mtu. Vimeng'enya vyao haviharibiwi na moto kama vyetu. Mwaka 1983 Kary Mullis, Mmarekani, alibuni njia ya kunakili DNA kwa kuipasha moto na kuipoza mara nyingi, na baadaye kimeng'enya cha vijidudu vile ndicho kilichoifanya njia hiyo iwe rahisi. Kila mzunguko huzidisha mara mbili: moja huwa mbili, mbili huwa nne. Baada ya mizunguko 30, kipande kimoja huweza kuwa zaidi ya bilioni moja. Mullis alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1993.

Kazi hii tumeiona hapa hapa kwetu kwa uchungu. Kuanzia Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Mingi haikuweza kutambulikana kwa sura. Mtu akifa, vimeng'enya vya mwili wake mwenyewe na vya vijidudu huanza kuuvunja mwili, lakini mifupa na meno huihifadhi DNA kwa muda mrefu zaidi. Familia ziliitwa kutoa sampuli ili zilinganishwe, na Machi 2024 miili ya kwanza iliyotambuliwa ilianza kukabidhiwa wenyewe ili wazike. Bila sampuli ya jamaa, maabara haina cha kulinganisha. Ikiwa kikundi chenu kina mtu aliyepotelewa na jamaa naye aogopa kwenda kutoa sampuli, msindikizeni.

Adui wa ushahidi ni nani? Ni vimeng'enya vile vile. Nguo yenye unyevu ikifungwa kwenye nailoni hupata joto, vijidudu huzaana, na vimeng'enya vyao huikatakata DNA. Ndiyo sababu polisi na madaktari hutaka mfuko wa karatasi. Na tuelewane: twasema karatasi ya kaki au gazeti, si ile "karatasi" ya nailoni. Sabuni za unga nazo, nyingi huwekwa vimeng'enya vya kuvunja damu na jasho. Kinachokusaidia kufua shuka ndicho kitakachofuta doa ambalo hakimu alilihitaji.

JE, WAJUA? Vimeng'enya vya sabuni hutokana na vijidudu. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilidai mgao kwa ajili ya vijidudu vilivyochukuliwa Ziwa Bogoria miaka ya 1990, likisema vimeng'enya vyake vilitumiwa ng'ambo katika sabuni na katika kupausha nguo za jinzi bila ya Kenya kupata kitu. Hata tope la ziwa lina thamani.

5. SAA 72: LA KUFANYA

Sasa unganisheni mliyojifunza. Baada ya ubakaji kuna saa mbili zinazokwenda pamoja. Moja ni ya ushahidi unaopungua. Nyingine ni ya kirusi cha Ukimwi, ambacho vimeng'enya vyake vyaweza kuzuiwa kwa dawa za PEP zikianzwa mapema, kabla ya saa 72 kupita, na kumezwa siku 28. Siku tatu si nyingi. Usiku mmoja wa kulia, siku moja ya kungoja wazee wakae, siku ya tatu ya kutafuta nauli, basi zimekwisha.

(1) Msimwoshe, wala asipige mswaki. Asibadili nguo ikiwezekana. Akiwa amebadili, nguo zile zisifuliwe.

(2) Nguo zitiwe kwenye mfuko wa karatasi au zifungwe kwa gazeti kavu. Kila nguo na karatasi yake.

(3) Nendeni hospitali kwanza, tena mara moja. Matibabu hayangoji barua ya polisi. Kutoka Kongowea, vuka Daraja la Nyali mpaka Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo ina kituo cha kuhudumia waliotendewa ukatili wa kijinsia.

(4) Ulizeni mambo matatu kwa majina: PEP, dawa ya kuzuia mimba ya dharura (hufanya kazi ndani ya siku tano, ila mapema ni bora), na fomu ya PRC ijazwe.

(5) Nendeni polisi siku hiyo hiyo. Chukueni nambari ya OB na fomu ya P3. Nguo wakabidhiwe wao au daktari, mwandike ni nani aliyezipokea na lini.

(6) Msikubali kesi kumalizwa nyumbani kwa mbuzi au pesa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haimpi mzazi wala mzee wa mtaa ruhusa ya kuifuta. Sheria hiyo hiyo humwezesha hakimu kuamuru mshtakiwa atolewe sampuli ya DNA.

Simu za bure: 1195 kwa ukatili wa kijinsia, 116 kwa mambo ya watoto.

Na kama saa 72 zimepita, au ameshaoshwa? Mpelekeni hata hivyo. Majeraha hutibiwa, maneno yake ni ushahidi, na kukosekana kwa doa hakumaanishi kwamba hakutendewa. Wala msimlaumu mama aliyemwosha mwanawe. Mfundisheni mwingine kabla hayajamfika.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini papai lililochemshwa halikulainisha nyama?
2. Nani kati yetu husumbuliwa na maziwa? Amejaribu nini?
3. Ni dawa gani tunazonunua bila kuandikiwa? Tufanyeje?
4. Mtoto wa jirani akinajisiwa usiku wa leo, ni nani kikundini atampeleka hospitali? Nauli itatoka mfuko gani?

Swali la nne lisijibiwe kwa maneno matupu. Andikeni majina mawili katika kitabu cha kikundi, na mtenge nauli ya kuvuka daraja na kurudi. Fedha hiyo isikopeshwe mtu, ikae tayari.